Napoleon hakuangushwa na vikaragosi

Tarehe 24 Februari 2022, siku majeshi ya Urusi yalipovuka mpaka, akaunti rasmi ya Ukraine kwenye Twitter iliweka kikaragosi kimoja. Hitler, jitu zima, ameinama akimshika shavu Putin, ambaye kachorwa mdogo kama mtoto anayepongezwa na babu yake. Maneno yaliyoambatana nacho yalikuwa machache: huu si mzaha wa mtandaoni, ndiyo hali halisi, yetu na yenu. Tangu hapo mambo haya yamezoeleka. Balozi zinarushiana vibonzo, wizara za ulinzi zinatoa dhihaka pamoja na taarifa za mapigano, na akili bandia inamvisha adui nepi kabla chai haijachemka. Kila vita vikizuka, wachambuzi wetu hugawanyika makundi mawili. Moja linasema kejeli ni silaha ya mnyonge, na ushahidi wake ni Waingereza wa zamani waliomcheka Napoleon, mtawala wa Ufaransa, mpaka akaanguka. Jingine linasikitika kwamba siku hizi serikali zimeiteka kejeli na kuifanya propaganda, jambo ambalo eti halikuwepo enzi za wachoraji huru.

Makundi yote mawili yanaegemea historia ileile, na yote mawili yameisoma vibaya. Vikaragosi vya London vya karne ya 18, pamoja na ile miaka ya mwanzo ya karne ya 19 alipotamba Napoleon, havikuwa silaha ya wanyonge wala mkono wa serikali. Vilikuwa bidhaa za dukani. Nani achorwe, kwa pua gani na tumbo gani, kwa ukali au kwa upole, vyote viliamuliwa pale muuzaji na mnunuzi walipokutana. Kwa sababu hiyo kazi yao kubwa wakati wa vita haikuwa kumjeruhi adui aliyekaa ng'ambo ya bahari. Ilikuwa kuwavua nguo wakubwa wa nyumbani huku mizinga ikilia, kwa ridhaa ya mteja aliyetoa shilingi yake. Na pale makali yalipopungua, mara nyingi hayakupunguzwa na gereza. Yalipunguzwa na fedha.

Duka lenyewe lafaa kuangaliwa kwa karibu. Bi Hannah Humphrey alihamia nambari 27, St James's Street, mwaka 1797. Juu ya duka aliishi mpangaji wake, James Gillray, mchoraji hatari kuliko wote wa zama zile. Kazi ilifanyika hivi: bamba la shaba linapakwa nta, mchoraji anachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha tindikali inamwagwa ili ile pale nta ilipokwaruzwa. Bamba linapakwa wino, linapitishwa kwenye mtambo pamoja na karatasi yenye unyevu, na nakala zikikauka zinapakwa rangi kwa mkono, moja baada ya nyingine. Nakala ya rangi ilifika shilingi mbili na zaidi, fedha inayozidi ujira wa siku nzima wa kibarua wa shamba. Kwa hiyo mnunuzi hakuwa mnyonge hata kidogo. Alikuwa mbunge, mwanasheria, bwana mwenye mashamba, na ikiwa hakutaka kununua aliweza kwenda kwa S. W. Fores pale Piccadilly akakodi jalada zima la vikaragosi kwa jioni moja, awaburudishe wageni baada ya chakula. Fukara alikuwa na dirisha. Februari 1808 Gillray alilichora dirisha hilohilo la Bi Humphrey: umati umesimama kando ya njia ukitazama picha zilizopangwa nyuma ya vioo, na mbele kabisa mzee kateleza kwenye barafu, kaanguka chali na kipimajoto chake mkononi. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni mtaa wenyewe. Katika barabara hiyohiyo kulikuwa na klabu mbili: White's, kijiwe cha watu wa Waziri Mkuu William Pitt, na Brooks's, kijiwe cha wapinzani wake wakiongozwa na Charles James Fox. Bi Humphrey aliwauzia wote. Ukielewa hilo, utaelewa ile picha kubwa ya Oktoba 1796, ya muda mfupi kabla duka halijahamia hapo, inayoonyesha Wafaransa wameivamia London na kupanda St James's Street kwa gwaride, moto ukiwaka. Wafuasi wa Pitt wanatupwa kutoka roshani ya White's, wakati Brooks's wameshajitayarishia gilotini. Katikati, Pitt amefungwa kwenye nguzo, mgongo wazi, na Fox anamchapa viboko kwa raha zake. Kijuujuu ni onyo la kizalendo: tazameni Fox na wenzake watakavyotuuza kwa Wafaransa. Lakini hebu mfikirie mtu wa Brooks's mbele ya dirisha la Bi Humphrey. Waziri Mkuu wa nchi iliyo vitani, yuko tumbo wazi, anatandikwa! Picha moja, wateja wawili, kila mmoja anacheka kwa sababu yake.

Swahiba mmoja aliyefurahia sana kuwemo katika picha ile ni George Canning, mwanasiasa kijana wa upande wa Pitt. Alikuwa amehangaika kwa muda, kupitia rafiki, kumshawishi Gillray amchore, maana asiyechorwa hakuhesabiwa kuwa mtu. Hatimaye akapata alichotaka: yumo, ananing'inia kwenye nguzo ya taa, amenyongwa. Sisi tuliokulia katika utani tunalijua jambo hili vizuri. Mtani akikupita kimya msibani au harusini kwako, huo ndio ugomvi. Anayekutania amekukubali kuwa wa kwao. Ndiyo maana neno moja la kejeli halitoshi kueleza yaliyokuwamo dukani mle. Pitt mwembamba mwenye pua ya kuelekea mbinguni na Fox mnene mwenye ndevu za siku mbili walikuwa wanataniwa, kwa ukatili lakini kwa mapana, kwa undani wa mtu anayemjua jirani yake. Mfaransa hakutaniwa. Alikebehiwa. Septemba 1792, habari za mauaji ya Paris wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa zilipofika, Gillray alichora familia ya wanamapinduzi ikila viungo vya binadamu mezani, watoto kwa wazee. Hakuna sura humo utakayoikumbuka, kwa sababu hakuna mtu humo. Kuna majinamizi.

Sasa tuje kwenye hoja ya wale wanaosema vita huigeuza kejeli kuwa tarumbeta ya serikali. Ina uzito, na sitaipuuza. Novemba 1792 John Reeves aliunda chama cha kulinda uhuru na mali dhidi ya wanamapinduzi, na chama hicho kilifadhili usambazaji wa picha kama ile ya Thomas Rowlandson iliyoweka duara mbili pamoja: uhuru wa Kiingereza, mwanamke mtulivu aliyeketi na mizani yake, na uhuru wa Kifaransa, zimwi la kike lenye nyoka kichwani. Ilisambaa mpaka ikachapwa kwenye vikombe vya bia. Upande wa pili wa bahari, Kamati ya Usalama wa Umma, iliyoongoza Ufaransa ya mapinduzi, iliagiza vikaragosi dhidi ya Waingereza kutoka kwa Jacques-Louis David, mchoraji mkubwa kuliko wote Ufaransa. David akatii, akamchora Mfalme George III pamoja na kinyesi na majeshi ya magudulia. Kwa maoni yangu ni kazi dhaifu kuliko zote alizowahi kuzifanya. Ukiziweka kando ya Gillray, unaona tofauti kati ya mtu anayechekesha ili uuzaji wa mzaha umlishe na mtu aliyepewa amri ya kuchekesha.

Hapo ndipo hoja yao inapoishia, kwa sababu duka halikufuata amri. Ufaransa ilitangaza vita Februari 1793. Mei mwaka huo, jeshi la Uingereza likiwa Flanders chini ya Duke wa York, mtoto wa mfalme, Gillray alimchora jemadari huyo akistarehe na wanawake wanene wa Kiflemi huku askari wake waliokonda wakimhudumia bakuli za pombe. Juni akatoa picha yenye vyumba vinne kuhusu John Bull, yule mwananchi wa kawaida wa Kiingereza. Chumba cha kwanza, kajiegemeza nyumbani, mkewe anasokota uzi, wanawe wanacheza. Cha pili anakwenda vitani na kofia ya askari, familia inalia. Cha tatu mke anabeba vyombo vya nyumbani kuviweka rehani. Cha nne kinaitwa kurudi kwa utukufu: John Bull yuko mlangoni kwa magongo, mguu hana, na familia iliyobaki mifupa inamtazama kama imeona mzuka. Baba yake Gillray alikuwa askari aliyepoteza mkono kwenye mapigano ya Fontenoy mwaka 1745. Mchoraji alijua mlango ule unafunguka vipi. Na picha hii haikupitishwa gizani. Iliuzwa mchana kweupe, miezi minne tangu vita vianze.

Serikali ile haikuwa pole. Mwaka 1794 ilisimamisha haki ya mtu kutowekwa kizuizini bila kesi. Mwaka 1795 ikapitisha sheria mbili za kubana mikutano na maneno dhidi ya mfalme. Muuza vikaragosi William Holland alifungwa katika gereza la Newgate. Lakini alifungwa kwa nini? Kwa kuuza maandishi ya Thomas Paine, mwandishi aliyetetea mapinduzi. Mwendesha mashtaka aliweza kulishika neno lililoandikwa, akalisoma mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Picha ilimtoa jasho. Asimame mahakamani aeleze, kwa sauti na kwa uzito, kwamba yule mtu mwembamba aliyechorwa kama uyoga juu ya samadi ni Waziri Mkuu? Aulizwe ameijuaje sura? Hata Gillray aliposhikwa Januari 1796, kesi ilihusu kufuru, kwa picha iliyowafananisha wanasiasa waliombusu binti mchanga wa ukoo wa kifalme na mamajusi walioleta zawadi. Na kesi hiyo haikufika popote. Machi 1798, uvamizi ukitazamiwa wakati wowote, kijana Richard Newton alimchora John Bull amegeuza mgongo na kuijambia picha ya mfalme ukutani, Pitt pembeni akipiga kelele kuwa huo ni uhaini. Newton hakufungwa. Alikufa kwa ugonjwa mwaka huohuo, umri wake miaka 21.

Kilichofanya kazi zaidi ya pingu ni kile alichokibuni Canning. Kuanzia mwaka 1797 Gillray alianza kupokea posho ya serikali, pauni 200 kwa mwaka, kimyakimya. Hakuambiwa anyamaze. Aliendelea kuchora, na kwa ustadi uleule, ila sindano ikawa inaelekea zaidi upande mmoja: Agosti 1798 alitoa picha pana iliyojaa wapinzani wa Pitt, washairi na wanafikra, wote wakiandamana kuabudu mungu wa Kifaransa. Ni kazi ya kushangaza kwa ufundi. Lakini sijaona katika kazi zake za miaka ile ya posho chumba kingine kama kile cha nne cha John Bull. Tusimhukumu haraka, pauni 200 zilikuwa fedha, na alikuwa mtu wa kuishi juu ya duka la mwanamke mwingine. Pitt alipojiuzulu mwaka 1801 posho ikakatika, na ulimi ukalegea tena.

Ulegevu huo ndio unaoonekana katika kikaragosi maarufu kuliko vyote, cha Februari 1805. Wengi wamekiona bila kukitazama. Pitt, aliyekuwa amesharudi kuwa Waziri Mkuu, na Napoleon wameketi pande mbili za meza, kati yao kuna pudingi kubwa yenye umbo la dunia, inafuka mvuke. Napoleon, mdogo, kofia yenye manyoya kubwa kuliko kichwa, ameinuka kitini ili afikie na anaikata Ulaya kwa upanga. Watu huishia hapo, wakacheka ufupi wake. Hamisha macho uende kwa Pitt. Ameketi sawasawa, amevaa sare ya kijeshi, uma wake una meno matatu kama wa mungu wa bahari, na anajikatia Bahari ya Atlantiki nzima na West Indies humohumo. Kipande chake ni kikubwa zaidi. Juu pameandikwa kwamba hawa ni walafi wa dola. Wote wawili! Huyo ndiye adui wa taifa na mkuu wa taifa, mezani pamoja, tofauti yao ikiwa adabu ya kula. Leo niambie ni wizara gani ya nchi iliyo vitani itakayokuwekea picha hiyo kwenye akaunti yake.

Inabaki hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa kuliko zote. Katika kundi moja la WhatsApp nililomo, mtu alituma sura ya Napoleon mfupi na maneno yanayodaiwa kuwa ya Napoleon mwenyewe, kwamba Gillray alimdhuru kuliko majeshi yote ya Ulaya. Nilihesabu dole gumba zaidi ya thelathini. Maneno hayo hayana asili ya kuaminika. Ufupi wenyewe ni habari ya kuchosha: alipimwa futi 5 na inchi 2 kwa kipimo cha Kifaransa, yaani kama sentimita 168, urefu wa kawaida kwa mwanamume wa zama zake. Gillray alimfupisha mwaka 1803, na kuanzia hapo wenzake wakaiga. Basi tuitazame kalenda. Mwaka 1803 anakuwa Boney mdogo (Boney ni jina la utani la Bonaparte) anayepiga teke meza na kuyalaani magazeti ya Kiingereza. Mwaka 1804 anajivika taji. Mwaka 1805 anawaponda Waaustria na Warusi Austerlitz, 1806 anawaponda Waprusia Jena, 1807 Mfalme wa Urusi anapatana naye Tilsit. Hakuna kipindi alichochekwa zaidi ya hicho, na hakuna kipindi alichopanda zaidi ya hicho. Waliomwangusha ni baridi na umbali wa Urusi mwaka 1812, muungano uliokutana Leipzig mwaka 1813, na pauni za Uingereza zilizolipa majeshi ya wengine.

Ni kweli alichukia. Kwenye miezi ya amani kati ya 1802 na 1803 alishinikiza serikali ya Uingereza iwanyamazishe waandishi, na mkimbizi wa Kifaransa Jean-Gabriel Peltier alishtakiwa London kwa kumkashifu, akatiwa hatiani Februari 1803, kisha vita vikarudi Mei na adhabu ikasahauliwa. Ila kuchukia si kushindwa. Wanaojibu kwamba kicheko kiliwapa Waingereza ujasiri jeshi la uvamizi lilipokuwa limekusanyika Boulogne, pwani ya Ufaransa, wana hoja bora kidogo, na ninaikubali nusu. Unayemcheka huwezi kumwogopa kwa kiasi kilekile. Vita vya maneno vina nafasi yake. Kwetu, katika miaka hiyohiyo ya Napoleon, Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akiwarushia wapinzani wa mji wake mashairi yaliyochoma. Lakini hofu ya Boulogne iliondolewa na manowari zilizoziba mlango wa bahari, na kikaragosi kilifika mjini baada ya manowari kuwa zimeshakaa mahali pake.

Kilichodumu kutoka dukani mle ni kitu kingine kabisa. Februari 1797, baada ya Wafaransa wachache kutua Fishguard na watu kukimbilia dhahabu zao, Benki Kuu ya Uingereza iliacha kubadilisha noti kwa dhahabu. Miezi mitatu baadaye Gillray akamchora Pitt akijifanya kumbembeleza kikongwe mmoja, midomo mbele kwa busu, mkono mfukoni mwa kikongwe ukisaka sarafu. Gauni la kikongwe limeshonwa kwa noti za pauni moja, na ameketi juu ya sanduku lililofungwa kwa makufuli, anapiga yowe. Mpaka leo benki ile inaitwa Bibi Kizee wa Threadneedle Street. Vita vilipita, Pitt akafa Januari 1806, jina likabaki likimkumbusha kila waziri wa fedha kwamba wananchi waliuona mkono ulipoingia.

Kwa hiyo anayeitazama picha ya vita kwenye simu yake na kutaka kujua kama ni kejeli au ni tangazo, asipoteze muda kumwangalia adui kachorwaje. Adui siku zote huchorwa vibaya, ni rahisi na hakuna gharama. Atazame kama duka lilelile linauza pia picha ya jemadari wetu na bakuli lake la pombe. Rais wa Ukraine mwenyewe alikuwa mchekeshaji kabla ya kuingia ikulu, naye alipata umaarufu kwa kuwacheka watawala wa kwao. Akaunti rasmi ya nchi haiwezi kuifanya kazi hiyo, hata ikiwa na nia njema, maana haina mteja wa Brooks's anayesubiri dirishani. Tatizo langu na vikaragosi vya akili bandia liko hapohapo. Si kwamba ni vibaya kwa sura. Ni kwamba havimgharimu anayevitoa wala anayevipokea, na hivyo hatujui ni nani hasa ameweka shilingi mezani.

Wafalme walielewa somo la shilingi polepole. Gillray alikufa tarehe 1 Juni 1815, akili zikiwa zimemtoka kwa miaka kadhaa, siku 17 kabla ya Waterloo, pigano la mwisho la Napoleon. Mwaka 1820 George IV, ambaye alikuwa amechorwa mnene, mlevi na mzinzi tangu ujana, hakumshtaki mrithi wa Gillray, George Cruikshank. Alimlipa pauni 100, na Cruikshank akatia sahihi ahadi kwamba hatamchora mfalme katika hali yoyote ya aibu. Mwaka huohuo, mchapishaji William Hone alitoa kijitabu kuhusu ndoa ya mfalme. Picha zake zilikuwa za Cruikshank, na katika moja wapo mfalme amelewa chakari, amelegea kitini.